Maji Yaliyolala Mchangani

Jumatatu, 3 Februari
Nimewasha mashine ya maji kabla jua halijachomoza. Nyanya zimeanza kutoa maua. Mto Sabaki umejitenga na ukingo wetu, kama kila kiangazi, kwa hiyo mpira wa mashine tumeuteremsha kwenye shimo tulilochimba mchangani. Maji safi, matamu. Baba Kadzo anasema mwaka huu tutaezeka mabati. Mume wangu huyu huezeka nyumba kwa mdomo.

Jumatano, 5 Februari
Kanuni mpya zimeanza. Asiye na kibali havuti maji kwa mashine. Sisi tunacho. Fomu nilijaza mimi, yetu na ya jirani yangu Mama Neema, maana yeye kusoma hajui. Walipouliza tunavuta wapi, niliandika: mtoni. Nikajiona msomi.

Ijumaa, 7 Februari
Afisa wa maji amekuja. Akatazama kibali, akatazama shimo.
"Mama, hiki ni kisima. Kibali chako ni cha mto."
"Mwanangu, mto si ndio huu umelala chini ya mchanga?"
Alicheka, lakini mashine zote mbili, yetu na ya Mama Neema, amezifunga kwa waya na lakiri. Kumbe maji ya mchangani yana kibali chake. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuyatenga na mto. Nimekasirika.

Jumatatu, 10 Februari
Kilifi, ofisi ya maji. Foleni. Fomu nyingine, mbili. Mashimo lazima yakaguliwe kwanza, na mkaguzi atakuja mwezi ujao, labda. Maua hayamngoji mkaguzi. Wamesema kuchota kwa ndoo hakukatazwi. Ahsante yao.

Alhamisi, 13 Februari
Ndoo tangu alfajiri. Mabega yanawaka moto. Mimi na Baba Kadzo tunamudu matuta manne kati ya ishirini. Mengine tumeyaacha, siyatazami. Mama Neema yuko peke yake, na shamba lenyewe la kukodi. Hajanisalimu tangu Ijumaa. Namwonea haya, tena namwogopa. Kalamu ilikuwa yangu.

Jumapili, 16 Februari
Sikwenda kanisani. Nimemkuta Mama Neema aking'oa nyanya zake, maua yangali juu, anawatupia mbuzi kabla hazijakauka. Nikaweka ndoo chini. Nikainama kwenye tuta la pili, nikang'oa naye.
Hakunisalimu. Hakunifukuza. Saa nne tulikuwa tumemaliza.