Baba Mkwe na Mtangazaji wa Kwenye Video

Dada Rehema, shikamoo. Nimefika Same salama, ila upepo wa huku unatia mchanga hadi kwenye chai. Jana baba yake mchumba wangu alinipeleka banda la video. Filamu ilichekesha: mtangazaji wa redio anatukana wakubwa, na kila akifukuzwa kazi anazidi kupendwa. Mfasiri wa banda alimsemea papo hapo kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti. Mara mzee, baba mkwe wangu, akasimama: “We mtangazaji, huna mama?”

Mfasiri akamjibu kwa sauti ile ile ya mtangazaji: “Ninaye, mzee, na ndiye anayenunua betri anisikilize!”

Banda zima likacheka, isipokuwa mzee. Njiani akaniuliza, “Wewe uliyesoma, mtu yule akianza kusema, ungezima redio?” Nilijua ananipima kama nafaa kuolewa na mwanawe.

“Ningezima, baba. Halafu kesho ningewasha tena.”

Tulipofika akamwambia mkewe, “Mwongezee makande.” Nimekula sahani mbili, na mpaka sasa sijui kama nimekubaliwa au nimeshibishwa kwa safari ya kurudi.

Wasalimie watoto, nawe uniombee.

Mdogo wako,
Zaina