Chuma cha Kukokotea Gari Alimokaa Mama

Mdogo wangu Salim,

Niwie radhi kwa kukaa miezi saba bila ya kukujibu. Sikuwa mgonjwa, wala barua zako hazikupotea. Zote zimefika hapa Ibra, nami nimezisoma. Nilinyamaza kwa sababu kila nilipoishika kalamu, hasira zilinitangulia.

Umeniandikia kutoka Kuwait kwamba utakuja likizo wakati wa baridi, na kwamba nikuchagulie chombo madhubuti cha kukokotea gari dogo nyuma ya lile basi ulilolifanya nyumba, ili tumpeleke Mama mjini Sur akamwone mdogo wake anayeumwa. Safari iliyopita hukuitaja hata kwa neno moja.

Basi nitaitaja mimi. Unaikumbuka asubuhi ile uani kwangu? Ulikuwa umewaleta wageni wawili, wenzako wa zamani wa ofisini Nizwa, nao walikuwa wamekwisha kukaa ndani ya basi, birika liko jikoni. Mama akatoka na buibui lake, akataka kupanda. Mimi nikasema haifai Bi Mkubwa kukaa kikao kimoja na wanaume asiowajua. Wewe ukamfungulia mlango wa gari dogo lililofungwa nyuma, ukamwekea mto na chupa ya kahawa.

"Gari halina dereva, Salim," akasema. "Nikiita, nani atanisikia?"

"Bi Mkubwa, leo una enzi!" ukamjibu. "Gari moja la kukaa, jingine la kukuvuta!"

Wageni wakacheka. Nami nilicheka.

Chuma chako kilikuwa bomba la maji lililochomelewa, limeshikwa na pini moja isiyo na kizuizi. Nilikuuliza iko wapi minyororo ya akiba. Ukanijibu, "Kaka, hii si meli." Nikapanda basini, kwa kuwa wageni walikuwa wanasikiliza.

Kwenye mteremko baada ya mji wa Kamil pini ikachomoka. Gari likaiacha njia, likaingia mchangani, likasimama lenyewe. Sisi tulikuwa tunakunywa chai ya maziwa na kubishana habari za mpira. Hatukujua lolote mpaka tulipofika Sur, ukashuka kumfungulia mlango, ukalikuta bomba linaning'inia.

Kabla hatujaligeuza basi, lori la mbuzi likasimama mbele yetu. Mama akashuka, ana vumbi mpaka kwenye kope. Alizijibu kwanza salamu za wageni, mmoja mmoja. Kisha akatutazama sisi.

"Chai mmeshakunywa?"

Nawe, mbele za watu, ukasema, "Kaka ndiye aliyetaka akae huko."

Neno hilo ndilo lililonifunga mdomo. Linaniunguza kwa kuwa ni kweli. Nimewafundisha watoto wa watu adabu kwa miaka mingi, na adabu yangu ilimweka mama yangu peke yake katika gari lisilo na mtu wa kulishika usukani. Lakini pini ilikuwa yako, Salim. Na mpaka leo hujamwomba radhi. Umemletea shali.

Nimekwenda Nizwa kwa fundi. Ana vyombo viwili. Kimoja ni chuma chenye mikono miwili inayofungwa kwenye chesisi, na minyororo miwili inapishana chini yake. Cha pili ni kitoroli kinachobeba magurudumu ya mbele. Kina breki zake, lakini ni kizito, na basi lako ni kongwe. Aliniuliza uzito wa gari dogo. Sikuujua. Aliniuliza kama gia zake hazitaharibika magurudumu yakizunguka na injini imezimwa. Sikujua. Maana yake tulimkokota Mama bila ya kujua hata hayo!

Niliporudi nilimweleza Mama yote. Alikuwa anachambua tende, wala hakuinua uso.

"Mwambie Salim mimi nitakaa mbele, ubavuni kwa dereva. Hao wageni wenu, wakija, ndio wakae gari la nyuma."

"Na chuma, Bi Mkubwa?"

"Nipeleke kwa huyo fundi. Nataka kukitikisa kwa mkono wangu."

Nitampeleka Alhamisi. Atakayechagua ni yeye, si mimi wala wewe, na akishachagua nitakuandikia. Lakini barua hiyo ikikufika, usinijibu mimi. Mwandikie yeye kwanza. Nitamsomea.

Ni mimi, kaka yako, niliyecheka pamoja nawe