Mkono Kwenye Dirisha la Mchora Mabango

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Kiza (amekataa kutaja jingine, anasema hilo ndilo lililo kwenye kazi zake)
Umri: Miaka 79
Kazi: Mchoraji wa mabango ya filamu za kutisha
Makazi: Chumba cha nyuma ya karakana yake, mkabala na duka la fundi cherehani

Nina miaka sabini na tisa na akili zangu zote. Nimezizika kumbi tatu za sinema, ndugu zangu wote, na daktari aliyeniambia harufu ya rangi itaniua. Kusoma sikusoma sana, herufi nazichora tu kama ninavyochora pua. Lakini hakuna wa kumtisha mtu kwa brashi kunizidi, andika hivyo hivyo, afande.

Nimekuja hapa moja kwa moja kutoka hospitali kwa sababu nimesikia yule mama fundi cherehani yuko mahabusu, eti alinirushia pasi kichwani. Si kweli.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, yapata saa kumi na moja jioni, nilifunga mlango kwa komeo nikapanda ngazi kutundika ubao mkubwa wa bango jipya. Ngazi ikavunjika. Kichwa kiligonga kona ya meza, ubao ukanilalia kifuani mpaka miguuni, kopo la rangi nyekundu likanimwagikia. Taa ya mezani ilidondoka ikabaki inawaka sakafuni, inanimulika kidevuni. Sauti haikutoka. Nilichoweza ni kuinua mkono mmoja na kuuweka kwenye kioo cha dirisha la mbele.

Sasa lazima uielewe kazi yangu. Bango la kutisha halionyeshi zimwi zima. Ukilionyesha lote, watu wanalizoea, wanaanza kuyacheka meno yake. Unatoa mkono tu, au jicho moja, pengine pote unaachia weusi. Mwanga unatoka chini, maana jua halijawahi kummulika mtu kidevuni, na macho ya mtazamaji yanajua kuna jambo haliko sawa. Nyekundu unaiweka mahali pamoja. Wanaoimwaga bango zima wanachora bucha. Na mabango yangu yote nayatundika kwenye dirisha lile lile.

Kwa hiyo watu walipita. Mume na mke wanaouza magodoro walisimama. Mke akasema, "Leo mzee kaweza." Mume akasema, "Ona hizo kucha, utadhani chafu kweli." Wakaenda zao. Nilikuwa nakufa, lakini sitadanganya mbele ya serikali: nilifurahi.

Ndipo akaja fundi cherehani. Tumegombana miaka sita. Wateja wake wakijipima nguo mbele ya kioo, wanaona macho ya mabango yangu nyuma yao. Alishasema hadharani kwamba siku moja atalivunja dirisha langu. Hapo mwenye nyumba wangu, aliyemleta kwenu, hakuongopa. Alifika amefura, tepu shingoni, akasema, "Babu, toa huo mkono wako. Nina bibi harusi mule, anatetemeka mpaka pini zinamchoma."

Kisha akainama kutazama kona ya chini ya dirisha, kulia, halafu kushoto.

"Jina liko wapi?" akasema. "Wewe mzee hata ndoo ya maji umeiandika jina."

Kweli. Sijawahi kutundika kitu bila KIZA, kwa herufi zinazochuruzika. Kuna wanaonicheka kwamba jina langu ni kubwa kuliko la filamu.

Akaita, "Babu?" Nikasogeza kidole kimoja.

Alisukuma mlango, ukagoma. Alikimbia akarudi na pasi ya mkaa, akaitupa kwenye kioo cha juu, mbali na kichwa changu. Iliangukia kwenye brashi zangu, ukutani kule. Akapita humo humo, akachanika mkono, akainua ubao ambao huwa tunaubeba watu watatu. Akanifunga kichwa kwa kitambaa cha bibi harusi, akasema, "Usife, babu. Bado hujaniondolea yale macho." Nikazimia. Mwenye nyumba alipofika alikuta kioo chini, pasi ndani, mimi nimelowa wekundu. Hakujua kwamba nusu yake ni rangi.

Nimezinduka jana. Kinywa changu kimezoea kujisifu, asante hakiiwezi vizuri, lakini naitoa mbele yako iandikwe: namshukuru mama yule fundi. Umri wangu uliobaki ameushona yeye. Na yale macho nitayageuzia ukutani, ingawa ni hasara kwa mtaa.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia nikiwa chali. Wa kunishuhudia wapo: waulize wauza magodoro walisema nini. Muulize muuguzi aliyenitoa vibanzi vya meza kichwani. Kisha ukaangalie kioo cha chini, hakikuvunjika. Kiganja changu kipo, kwa ndani.

Sahihi ya shahidi: KIZA NA FUNDI

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali, ila ametaka niongeze "bingwa" kwenye kazi yake. Amekataa kuweka dole gumba. Aliniomba nimwandikie neno "fundi" pembeni, akalinakili kando ya jina lake kwa ukubwa ule ule, akasema hajawahi kugawana bango na mtu. Sahihi imejaza na nafasi yangu, hivyo naandika nyuma ya karatasi. Dirisha limekaguliwa, kiganja kipo. Mtuhumiwa ameachiwa leo saa tisa alasiri. Alipoonyeshwa sahihi hiyo aliomba herufi zake zisichuruzike. Shahidi amekataa.