Mstari wa Nne

Kibomet, Kitale
Tarehe 18 Januari

Kwa dada yangu Edinah,

Mulembe, dada. Wewe na watoto mnaendeleaje huko Chwele? Na goti lako je, ile dawa ya kuchua imelituliza, au bado linakusumbua ukipanda kilima? Sisi huku tu wazima wa mwili, Mungu hajatuacha. Utashangaa naandika barua kama watu wa zamani na simu ninayo. Kwa simu ningelia, wewe ungeniambia wacha kulia, nami ningepata njia ya kunyamaza tena. Hillary muuza viazi anakuja soko la huko kesho, nimempa hii akuwekee mkononi.

Sikuwahi kukusimulia vizuri yale maonyesho ya Juni. Kuna binti anaitwa Lorraine, huniletea nguo nimshonee. Yeye na wenzake wanatengeneza michoro kwa kompyuta, kwa hii AI ambayo vijana wanaitaja kila saa. Siku moja aliona kwenye simu yangu picha za kuta alizochora Mama kwa udongo, zile sita nilizopiga Krismasi yake ya mwisho, akashika mdomo. Akaniomba. Akasema wataifundisha mashine kwa hizo picha, nayo itachora zake, na jina la Mama litaandikwa mlangoni Kitale yote ilisome. Mama alikuwa na miezi miwili tu kaburini. Jina lake kusomwa mjini! Nilimtumia zote sita papo hapo, na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa hadi inagoma, nikazifuta kwangu. Nilijiambia ziko kwa Lorraine, ziko salama.

Siku yenyewe nilivaa suti yangu ya kanisani. Ukumbi walikuwa wameufunga mapazia, giza tititi, na skrini kubwa kubwa kila upande. Dada, nilipigwa na butwaa. Kuta za Mama zilikuwa zinatembea. Udongo mwekundu unageuka mweupe, mweupe unamezwa na majivu, halafu ukuta mwingine unatokea, na mwingine. Kijana mmoja aliuliza ukuta mmoja unachukua muda gani, Lorraine akamjibu sekunde kumi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikamkumbuka Mama amepiga magoti siku tatu, ndoo ya udongo kando, akitukaripia tusipite na vumbi letu. Lakini makofi nilipiga, sikuachwa nyuma. Kisha nikaenda mlangoni kutafuta jina lake. Palikuwa pameandikwa ati kazi ya mashine, kutokana na kuta za akina mama wa Bungoma. Akina mama! Nilipomuuliza Lorraine alisema pole, nafasi ilikuwa ndogo. Nikanywa chai yao, nikarudi nyumbani.

Na kuna kitu kingine nilikiona pale. Unajua Mama alivyoyavuta yale mawimbi yake kwa vidole vinne pamoja. Na unajua kidole chake kidogo kilivyopinda tangu jembe lilipokivunja, hata mstari wa nne ukawa haugusi ukuta kila mahali. Unashika, unaruka, unashika tena. Si tulikuwa tunamcheka, ati mstari wako una kigugumizi? Naye anacheka na sisi. Basi kwenye skrini mistari yote minne ilikuwa mizima. Mashine ilikuwa imemnyoosha kidole.

Novemba ukanipigia kwamba mvua imekula ukuta wa jikoni, kazi yake ya mwisho, umebaki nusu tu chini ya paa, na unataka picha ili uusiribe upya kabla ya ibada ya kumkumbuka. Nilikimbia kwa Lorraine. Akanipa picha mia tatu za kuta, za watu na za mashine zimechanganyika, akasema zile sita zimo humo, lakini ni zipi yeye hajui. Nilizipitia siku mbili, sare za watoto wa watu zimelala mezani bila vifungo. Moja moja, nikitafuta kile kigugumizi. Sikukiona. Nikachagua moja iliyopendeza, nikakutumia, nikaandika: hii hapa ya Mama.

Edinah, haikuwa ya Mama. Nilijua nikiituma. Ningekuambia tu usiiguse ile nusu iliyobaki, ingekuwepo hadi leo. Niliona aibu kusema nimepoteza zote sita, na aibu hiyo ndiyo imetufikisha hapa. Nilipokuja Desemba ulikuwa umeshaukwangua ukuta wote, umesiriba, umechora kwa bidii hadi kucha zimekwisha. Shangazi Nakhungu aliusogelea, akaupapasa, akalia. Akamtaja Mama kwa jina mbele ya watu wote, akasema Nabwile amerudi, na huko alikokwenda kidole chake kimepona. Watu wakasema amina. Wewe ukanitazama, nami nikasema amina.

Ningekufa nalo, bana. Lakini juzi umenipigia na furaha, ati Nabwile wako mdogo ameurithi mkono wa bibi yake. Miaka tisa tu, anavuta vidole vinne pamoja na hakosei. Hakosei! Hilo ndilo limenimaliza. Mtoto tumempa jina la Mama, sasa anajifunza mkono ambao Mama hakuwa nao.

Nilitaka kukuandikia umfundishe upya, umwambie akunje kile kidole kidogo. Jana nikachanganya udongo na majivu, nikajaribu nyuma ya nyumba ili nikueleze vizuri. Nikakunja kidole, nikavuta. Mstari uliruka, lakini ulikuwa ukiruka wimbi likipanda, au likishuka? Nikafuta, nikavuta tena. Nikifumba macho naona ule wa kwenye skrini tu. Sikumbuki, dada. Mwaka haujaisha tangu tumzike, na sikumbuki.

Wasalimie watoto wote. Shangazi mpe mkono wangu, na usimwambie lolote. Muache na kidole kilichopona. Mungu awalinde hapo nyumbani.

Wewe ulikaa naye karibu kuliko mimi. Kama unakumbuka mstari ulivyokuwa, nakuomba, niandikie hata kwa hasira. Na kama nawe hukumbuki, usiniambie.

Ni mimi mdogo wako,
Joan