Boriti ya Roshani ya Kwaya

Sekondi

Mpendwa shemeji Fiifi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Abidjan, na kwamba umepata pa kulala. Sisi tupo. Mama anakula kidogo. Mimi nakula ninachopewa.

Kaka yako Ato bado yuko mochwari. Tangu roshani ya kwaya imwangukie akipanga viti chini yake, sijalia. Wanawake wananishika mkono, nawashukuru, halafu nasahau ni nani aliyenishika.

Jumamosi ukoo ulikaa uani. Mjomba Ekow alisema mbele ya wote, “Fiifi kafunga zile bolti za roshani kama anafunga kopo la maziwa! Asingekuwa na hatia, angekimbia?” Wakakubaliana Ato azikwe bila wewe.

Nikainuka nikaenda kanisani. Vifusi viko vilevile. Bolti zako zilikuwa zimekaza. Nilizigonga kwa nyundo hazikutikisika. Boriti ilikatikia katikati, mbali nazo.

Unakumbuka Ato alivyokuwa akituchosha, kwamba ukiunganisha vipande vya plaiwudi kuwa boriti, nyuzi za mbao za tabaka la nje lazima zifuate urefu wa boriti? Za boriti ile zilikatiza upana. Plaiwudi ndefu zilikuwa zimeisha, sherehe ya kufungua kanisa imekaribia, naye akakata mabaki kwa upande uliotosha. Rangi ikafunika.

Nilibeba kipande cha boriti, na kingine cha unene uleule kutoka karakana, nyuzi zake zikienda na urefu. Nikaviweka juu ya vigoda viwili mbele ya wazee. Cha karakana nilikikandamiza kwa goti, kikapinda, kikarudi. Cha boriti kikavunjika kama biskuti. Nikasema, “Aliyekata hiki ni mume wangu, kwa mkono wake. Fiifi alifunga alichopewa.” Sauti yangu niliisikia kama ya mtu anayeuza samaki barabara ya pili.

Mama alinitazama sana. Nilidhani atanilaani kwa kumvua mwanawe nguo naye hajazikwa. Akasema tu, “Basi mwiteni aliyebaki.”

Kwa hiyo nakuita. Mama anakusalimu. Mjomba Ekow naye anakusalimu, ingawa alilisema hilo akiangalia viatu vyake. Alitaka kununua jeneza mjini, Mama akakataa. Anasema utalitengeneza wewe.

Mbao nimekuwekea.

Ni mimi shemeji yako,
Araba