Chagua Motard Wako

Jumatatu, 7 Juni 2021

Nimeanza kazi. Agence ya Bonaventure – chumba kimoja, meza mbili, sola juu ya bati, hapa Baraka kando ya parking ya moto, pikipiki za abiria. Anauza nafasi: moto za Fizi na Misisi, boti za Uvira na Kalemie. Wateja ni watu wa mfuko mdogo. Aliwalipa vijana fulani wamtengenezee site ili watu waweke nafasi kwa simu. Site ipo tangu mwaka jana. Hakuna anayeitumia. Bonaventure anasema watu wa hapa ni wagumu. Nimeisoma mchana mzima na nasema site ndiyo ngumu.

Ukurasa wa kwanza: ndege, na mwavuli ufukweni. Hapa kwetu, ndege gani? Picha hiyo peke yake inakula mega za mtu za siku nzima. Kisha inadai email. Kisha tarehe ya kurudi – lazima, bila hiyo haikupeleki mbele. Mchimba dhahabu anayekwenda Misisi, ni nani aliyemwambia tarehe ya kurudi? Bei imefichwa chini kabisa kama kitu cha aibu. Nimeandika ripoti kali. Bonaventure ameisoma, amekohoa, amesema basi irekebishe wewe mwenyewe, Mademoiselle Arlette mwenye diploma.

Vizuri. Nitairekebisha.

Jumatano, 9 Juni

Parking, na simu ya agence mkononi. Nimewaomba abiria wajaribu site mbele yangu, nami nikae kimya nitazame. Kukaa kimya – kwangu hiyo ndiyo kazi!

Wa kwanza alikuwa Consolate, Mrundi, mkimbizi wa kambi ya Mulongwe, anauza unga wa muhogo. Alifika kwenye anwani akakwama. Aandike nini, kambi? Au kilima alichokikimbia? Akanirudishia simu kwa upole. Nikamuuliza alikuwa anatafuta nini mle ndani. Akasema alikuwa anamtafuta mtu.

“Nani atanibeba? Iyo njo naulizaka mbele. Saa na bei, tutasikilizana.”

Na wote waliofuata wamesema hivyo, kila mmoja kwa njia yake. Hawachagui saa. Hata bei hawaanzi nayo, pamoja na umaskini wote huu. Wanachagua dereva, motard. Nani anajua kuongea na wenye bunduki kwenye barrière, vizuizi vya njiani, bila kuwaudhi. Nani hatakuacha porini moto ikikatika mnyororo. Ndivyo watu wanavyosafiri hapa, na mimi niliyezaliwa hapa nilihitaji siku nzima ya jua kuliona hilo.

Jina lililotajwa kuliko yote: Papa Guy. Mama mmoja amesema asipomkuta Papa Guy anarudi nyumbani, anangoja kesho. Nimefurahi, ni jirani yetu. Mkewe Émilienne ni Mbembe kama sisi, yuko kwaya moja na mama.

Jumatatu, 14 Juni

Ndege nimeing'oa. Email nje. Tarehe ya kurudi nje. Sasa ukifungua unakuta maneno matatu tu, CHAGUA MOTARD WAKO, na chini yake nyuso zao, picha ndogo nyepesi. Bei pembeni, wazi. Motard anapata SMS mara tu anapochaguliwa. Abiria akikaa kwenye moto anabonyeza “nimepanda”, nasi huku tunaona. Baada ya safari anaandika maoni. Nimeipenda kazi hii kuliko nilivyotegemea.

Shida moja – majina. Hapa mtu mzima haitwi kwa jina lake. Ni baba wa fulani, mama wa fulani, na inatosha. Lakini pale parking Papa Neema wako watatu! Consolate alijaribu Jumamosi, akamchagua Papa Neema wake, akaletewa yule mlevi. Amenilaumu na ana haki. Bonaventure alitaka tuandike rangi ya moto. Mimi nikakataa. Site ya maana inaandika jina kamili, kama lilivyo kwenye carte d'électeur, kadi ya kupigia kura. Nimebishana mpaka nikashinda, kisha nimezunguka parking nzima nikikusanya kadi.

Papa Guy aliishika yake kidogo kabla ya kunipa. Aliuliza kama yote itaonekana. Nikasema ndiyo, yote, ndiyo itawapa watu imani. Akasema sawa.

Jumamosi, 19 Juni

Inakwenda! Tangu Alhamisi watu wanachagua wakiwa sokoni, wakiwa kambini, wengine wakiwa hukohuko Misisi. Bonaventure ananiita Ingénieur na ameniletea Fanta.

Papa Guy aliongoza siku ya kwanza. Jana kidogo. Leo hakuna aliyemchagua. Nitaangalia kama picha yake inafunguka sawasawa.

Jumapili, 20 Juni

Si picha.

Baada ya ibada mama aliomba aone kazi yangu. Nikampa simu. Alifurahi – huyu amenenepa, huyu ni mtoto wa nani tena. Alipofika kwa Papa Guy alisoma polepole, kwa kidole. Sebasaza Ganza. Akakiacha kidole pale. Nikasema ni Papa Guy, mama, ni yuleyule, si ndiye aliyekupeleka hospitali Fizi akalala nje akikungoja? Akasema anajua. Akanirudishia simu, akaenda kuchambua maharage. Kisha, bila kugeuka, akasema wiki hii ataenda Fizi na moto ya mtu mwingine.

Mama ni wa Makobola. Mwaka 98, mwaka wa mauaji, hausemwi ndani ya nyumba hii. Na Sebasaza ni jina la watu wa juu milimani, watu wa ng'ombe, wanaosema Kinyarwanda. Kati ya milima na ziwa kumechimbwa makaburi mengi mno. Papa Guy alishuka kutoka Bibokoboko, hukohuko juu, akiwa mgongoni mwa mama yake. Kibembe chake ni safi kuliko changu. Wazee wa mtaa walijua, nadhani mama pia alijua, wakamwita Papa Guy na maisha yakaendelea. Vijana hawakujua. Sasa wamesoma, na mimi ndiye niliyewaandikia. Kwa herufi nene.

Sijala.

Jumatano, 23 Juni

Chini ya picha yake kuna maoni. Hayana jina.

“Ni muntu ya Bibokoboko. Mujue mwenye munapanda.”

Nimefuta. Baada ya chakula yamerudi, na mengine chini yake ambayo siyaandiki hapa. Nimefuta yote, nimefunga sehemu ya maoni kwa kila mtu. Haisaidii kitu. Ukurasa wake umepigwa picha na unazunguka WhatsApp, na huko sina mahali pa kufutia. Norbert, motard wa Misisi, amekuja kuniambia taratibu kwamba kwenye barrière moja njiani vijana walimwonyesha hiyo picha. Walimuuliza huyu anapitaga siku gani.

Naogopa. Naandika wazi: naogopa. Nilidhani nafanya kazi ya kupanga safari za watu.

Ijumaa, 25 Juni

Bonaventure hakunigombeza, na hilo ni baya zaidi. Alifunga mlango, akasema tumwondoe kimya kimya, lakini kwa heshima tumwambie kwanza. Tukamwita. Papa Guy alikaa na casque, kofia yake ya moto, magotini, akasikiliza yote.

“Mukinitosha kwa site, batasema nilijificha,” alisema. “Mi sikujificha. Bananiita Papa Guy, naitika. Sebasaza njo jina baba alinipatiaka. Yote mbili ni yangu.”

Bonaventure akamwambia kichwa nacho ni kimoja. Akajibu anajua, lakini watoto wanakula kila siku. Akaomba tumwache mpaka mwisho wa mwezi. Asipopata abiria hata mmoja, ataiuza moto na kutafuta kazi ya boti Kalemie, na sisi tutatoa picha bila maneno. Bonaventure alihesabu siku zilizobaki. Akakubali.

Nilimwomba msamaha. Nilianza kulia. Papa Guy akaniambia nisilie ofisini, wateja watafikiri boti imezama.

Jumapili, 27 Juni

Émilienne alinisubiri nje ya kanisa, kando, mahali ambapo mama hakutuona. Alinishika mkono.

“Arlette, mutoto yangu, tosha iyo picha. Usimuambie. Atafikiri ni réseau ya simu.”

Nikasema ndiyo, mama. Nini kingine ningesema? Alinishukuru kama nimempa kitu. Sasa nimeahidi nyumba moja mambo mawili.

Jumatatu, 28 Juni

Nilifungua ukurasa wake kwenye machine, kompyuta ya ofisi. Kidole juu ya “futa”. Jina ni lake, ameomba libaki. Mume ni wa Émilienne, naye ameomba litoke. Nilikaa hivyo mpaka Bonaventure akauliza kama machine imekwama.

Nikaizima. Kesho.

Jumanne, 29 Juni

Nimekuja mapema ili nimalize. Nimeamua, namsikiliza Émilienne. Nikawasha machine – kuna abiria. Mtu amemchagua Papa Guy. Leo, asubuhi hii, Misisi, kwenda tu. Jina: Esther. Halina la pili. Namba ambayo haijawahi kupita hapa. Mahali pa kukutana si parking, ni ng'ambo ya daraja.

Wengi hupandia ng'ambo ya daraja. Wenye mashamba upande ule, wote. Nimepiga namba. Inaita, hakuna anayepokea.

Na SMS imekwisha kumfikia. Nilihakikisha mwenyewe iwe inafika haraka.

Nilikimbia parking. Alikuwa anapangusa kiti, amevaa shati lililopigwa pasi. Motard wengine walikuwa wanatazama kwingine. Nilimwambia yote, mbio mbio – namba haijulikani, hapokei, daraja, na yale aliyoyasikia Norbert. Nikamsihi asiende. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku kitambaa kikiwa bado mkononi mwake.

“Arlette, nikimukatala uyu, nitabeba nani?”

Nikasema anibebe mimi, nalipa mimi, twende Fizi, twende popote. Alicheka kidogo. Akasema mimi nina kazi, na yeye leo anayo. Akavaa casque, akaondoka taratibu kama anavyoondoka siku zote, bila kupiga honi.

Nimerudi ofisini. Bonaventure amepanda moto ya Norbert amfuate, au atafute mtu anayefahamiana na wale wa barrière, hata yeye hajui lipi. Nimebaki na machine. Naandika ili mikono iwe na kitu cha kufanya.

Ukurasa unasema: abiria anangoja.

Nimeufungua tena. Abiria anangoja. Napiga kwa Esther. Inaita.

Labda ni mama mwenye mzigo, anamfuata mumewe machimboni, simu iko chini kabisa ya kikapu. Inawezekana! Labda hajui kusoma, mtoto wake ndiye aliyemchagulia uso wenye huruma. Kwa nini isiwezekane? Mungu, nipe Esther mwenye kikapu.

Imebadilika. “Nimepanda.”

Basi yupo mtu. Ana simu mkononi na ameitazama, amebonyeza. Nimepiga palepale. Sasa haiiti kabisa. Nimempigia Papa Guy – haipatikani. Nimempigia Norbert – haipatikani. Wakishaanza kupanda kilima hakuna simu inayopatikana, ya mtu yeyote, siku yoyote. Hilo linajulikana na kila mtu Baraka. Nalijua. Najiambia nalijua.

Émilienne anavuka barabara kutoka sokoni, na bakuli la samaki wa ndagala kichwani. Ameniona dirishani. Anatabasamu, ananipungia mkono. Anafikiri nimekwisha kuifuta ile picha.