Viatu vya Lusungu

Jumapili, 3 Novemba 2024
Mwaka wa pili sasa tangu tutoke Ludewa. Nimechuma chai wiki nzima, mgongo umekufa. Lakini juzi mwanetu Lusungu katolewa plasta ya mwisho. Mguu umenyooka! Sasa ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, mchana na usiku, kuvuliwa ni kuoga tu. Nimempigia mama. Yeye tangu mwanzo anasema mwenye mguu kifundo, uliopinda toka kuzaliwa, hatembei. Nikamwambia Krismasi tunakuja, utamwona kasimama.

Alhamisi, 7 Novemba
Kliniki, Tukuyu, na mke wangu Prisca. Dada Neema anatibu kwa mikono mitupu — osteopathi, anaiita. Kaweka vidole kiunoni mwa mtoto, akatulia kama anayesikiliza. Plasta zilimkaza nyonga na mgongo, anasema. Lusungu kalala fofofo! Kasema mikono inalegeza tu, viatu ndivyo vinavyoshika mguu usirudi. Kisha akasema nijaribu mimi. Vidole vyangu vyeusi kwa utomvu wa chai, niliogopa kumkwaruza. Hakulia.

Jumanne, 12 Novemba
Mvua, tumerudi mapema. Bibi Tupokigwe, jirani anayetulelea mtoto, namkuta migombani, Lusungu mgongoni. Viatu vinaning'inia msumarini. Kumbe kila siku anavivua! Eti na chuma kile mtoto habebeki, analia chini peke yake. Gwe, wewe, hata mbuzi hafungwi hivyo, ananiambia! Nikamkaripia, mwanamke wa umri wa mama yangu. Prisca kanivuta shati.

Alhamisi, 14 Novemba
Bibi kaja nasi kliniki, hakuna aliyemwita. Dada Neema kapapasa — kisigino kimeanza kupanda. Labda plasta tena. Madaktari wa plasta watamwona Alhamisi ijayo. Bibi kainamisha kichwa. Nilikuwa na maneno tayari. Dada Neema kamshika mikono, akaiweka mgongoni mwa mtoto. Bibi, unasikia panapobana? Ndaga, asante mwanangu, nasikia. Machozi yakamtoka. Nikamvutia kiti akae.

Jumapili, 17 Novemba
Bibi kambeba Lusungu — na viatu miguuni! Kamkunja miguu yote nyuma, chuma kimelala kiunoni mwake. Nikauliza, hakikuumizi? Kinaumiza sana, Baba Lusungu. Mgongo huu umebeba watoto saba, hiki chuma ni cha nane. Tukacheka.
Jioni mama kapiga. Krismasi iko palepale? Hapana, mama, huenda mguu ukarudi plasta. Mwezi wa sita, mvua zikikatika. Atakuwa anatembea? Sijui, Alhamisi watatuambia. Lakini mwezi wa sita tunakuja, akitembea au akibebwa.